Uvundo Uliohifadhiwa

Sheria inataka uwanja wa vita uhifadhiwe pamoja na uvundo wake. Kila Jumamosi Otilia na wenzake wa kujitolea huenda kwenye uwanja huo, bondeni, kupuliza uvundo wa maiti wa siku tatu, uliotengenezwa maabara. Wageni hutapika, kisha hushukuru.

"Mama Tulia, leo umerudi na kikosi kizima?" mumewe Gaudensi alimtania, pua kaibana kwa kibanio cha nguo.

"Wakaribishe chai basi," Otilia akajibu, akaenda kujisugua kwa sabuni mara nne.

Alipompakata Tulia, kichanga wake wa miezi miwili, mtoto aligeuza uso akalia mpaka sauti ikamkauka. Ziwa hataki. Otilia akalivaa tena gauni la bondeni, lililojaa uvundo. Tulia akanusa, akatabasamu, akanyonya kwa pupa.