Walionaswa Mlangoni

Dakta Nyange alimkazia macho Sikudhani, mpimaji wake wa maabara, kama mtu aliyemkuta kuku wake kwa jirani.

"Seli zimeambukizwa, lakini maji yaliyozizunguka hayana kirusi hata kimoja. Umeyabadilisha, mama. Kesho usije."

Sikudhani alimsogezea picha ya hadubini. Virusi vilikuwa vimetoka, vimejivika ngozi ya seli yenyewe, lakini nyuzi za protini zilizokuwa ndani ya ngozi hiyohiyo zilivishikilia mlangoni, kama wezi walionaswa kwa nguo walizoiba.

"Nani kavifunga?"

"Seli, Dakta. Mimi na uzi wapi na wapi?"

Dakta hakucheka. Alimvutia kiti, kisha akagusa ukingo wa picha.

"Na huyu je?"

Kirusi kimoja kilielea peke yake, na uzi hauonekani.