Mteja wa Segese

Jignesh aliipiga teke pampu ya maji iliyokaa katikati ya duka, akaumia kidole, akazidi kukasirika. Binti yake Varsha alikuwa kwenye redio ya upepo, ile ya kuzungumza na watu wa machimboni, anamuuliza mtu wa Segese kama ndama wake amepona.

Baba akamnong'oneza amuulize habari za pampu. Varsha akatikisa kichwa.

Mvua za mwaka ule wa tisini na saba zilikuwa zimejaza maji maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, ukanda mzima. Wenye maduka wengine walibwata redioni kutwa, pampu, pampu, mpaka wachimbaji wakisikia sauti zao tu wanazima. Varsha hakutaka hayo. Kwanza tujuane, alisema, biashara itakuja yenyewe. Na Mayala, mzee mwenye duara kubwa kule Segese, hakumzimia redio hata siku moja. Kila asubuhi ilikuwa shikamoo na marahaba, kisha mguu wa mama yake mzee, mifugo, na kijana wake Masele aliyerudi kutoka chuo cha ufundi. Varsha alimpenda kweli mzee huyo ambaye hakuwahi kumwona.

Lakini Jignesh alishatoa neno: pampu isipouzika kufikia Januari, anafunga duka, wanahamia Dar kwa kaka yake. Varsha alizaliwa Shinyanga, na Dar hakuitaka kabisa. Wazo hilo lilimkosesha raha, na bado hakuitaja pampu.

Siku moja Mayala alimuuliza Varsha kama ana mazoea ya kuamka mapema. Jignesh akachangamka, mnunuzi huyo anataka kujua duka linafunguliwa saa ngapi.

Baadaye likaja swali kubwa zaidi.

"Mwanangu, baba yako anapokea ng'ombe?"

Jignesh akauona mbele ya macho yake mnada wa Jumamosi, ambako angewauza ng'ombe hao wa malipo ya pampu. Akamnyang'anya Varsha maiki.

"Napokea, mzee. Tena njoo haraka."

Kuanzia hapo duka likawa halikaliki. Barabara ilikatika, redio ya Segese ikawa kimya. Jignesh alitoka nje kila gari liliponguruma, akarudi, akaifuta pampu vumbi, akatoka tena. Varsha alijilaumu, angeitaja pampu tangu mwanzo, mambo yangekwisha.

Hatimaye lori la ng'ombe likasimama mlangoni. Walishuka Mayala, wazee wawili waliovaa makoti, na Masele aliyekuwa anatazama viatu vyake. Varsha alipiga goti kumsalimia mzee, machozi yakamlengalenga. Jignesh, meno yote nje, akamshika mgeni mkono na kumpeleka moja kwa moja kwenye pampu.

Mayala aliipita, akatafuta kiti, akaketi.

"Pampu nilishanunua Kahama, Baba Varsha," alisema. "Mtu havutani bei na wakwe zake."