Hodi ya Mchana

Katika kituo cha polisi, Koplo Kibwana alimsogezea Bi Mashavu kiti, akamuuliza mwanawe aliyechukuliwa jana alikuwa na ugomvi na nani.

"Hana ugomvi na mtu. Hata jina lake hawakulijua. Waliuliza tu kama sisi ni watu wa bondeni."

"Walivunja mlango?"

"Walipiga hodi, nami nikaitikia karibu."

"Basi majambazi wa siku hizi wana adabu," Koplo akatania, apate kumpunguzia uchungu.

Bi Mashavu hakucheka. "Walipomtoa Hamadi, nikasikia hodi kwa jirani. Sauti ileile, taratibu. Kisha nyumba iliyofuata, mpaka mwisho wa mtaa. Mchana kweupe, mwanangu. Mwizi angekimbia. Hawa walikuwa kama watu walio kazini."

Koplo akaacha kuandika. Miaka yote swali lake lilikuwa moja: nani alimchukia huyu? Hamadi hakuchukiwa na mtu. Alikuwa mlango mmoja tu katika mtaa.

"Nani aliwatuma, mama?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Sijui. Walivaa viatu kama vyako."

Nje, wanawake wa mtaa ule walikuwa wamejaa uani. Koplo akainama, akafungua kamba za viatu vyake, akavivua kimoja kimoja na kuviweka mezani.

"Ushahidi tuanze na hivi," akasema, kisha akaenda pekupeku kuwafungulia mlango wale wanawake.