Rangi Mkono wa Tatu

Mnunuzi alikuwa ameshakamata fimbo nilipouokota mpira wetu wa gofu niufute vumbi. Kidole gumba kikateleza.

Vishimo nilivyovihangaikia mwaka mzima, vile vinavyoufanya mpira upae mbali, vilikuwa vimejaa rangi.

Nikamgeukia mume wangu, fundi rangi wa karakana yetu. "Umepiga rangi mkono wa pili?"

"Na wa tatu," akanong'ona. "Nilitaka ung'ae, mama watoto."

"Jamani, vipi?" mnunuzi akauliza, mguu ukimcheza.

Mfukoni nilikuwa na mpira wa majaribio, haujaonja rangi, wa kijivu, mbaya kama kiazi kilichochemshwa na maganda.

Nikamshikisha mume wangu ule unaong'aa. Kiazi changu nikakiweka kwenye nyasi.

"Piga huu, bosi," nikasema. "Ila usiutazame."