Msumeno wa Majaribio

Siku hizi mashine yoyote yenye meno haiwaki mkononi mwa mtu aliyefadhaika. Mpini unampima moyo, na ukiukuta umechafuka, mashine inagoma. Vidole vingi vimepona, ila mtaani hakuna siri tena. Karakana ikiwa kimya asubuhi, majirani wanajua fundi hakuelewana na mkewe.

Karakana yetu iko nyuma ya jiko. Wiki iliyopita muuza vifaa alituachia msumeno mpya wa betri tuujaribu. Mume wangu akausifia: mwepesi, unakata mninga bila kurarua kingo, betri haichemki. Mimi niliupendea jambo jingine. Siku tuliyogombana juu ya chumvi kwenye mchuzi, uligoma hadi adhuhuri. Nilicheka peke yangu jikoni. Kumbe bado maneno yangu yanamwingia.

Leo asubuhi nikamwambia lile nililolificha mwaka mzima. "Baba Tumsifu, naenda kwetu. Na safari hii sirudi."

Akamaliza chai yake. "Sawa, Mama Tumsifu," akasema, akatoka kwenda karakanani.

Nilisimama dirishani na begi mkononi, nikisubiri ule ukimya. Ningeusikia tu, ningeliweka begi chini.

Msumeno ukawaka mara moja, ukapasua ubao mwanzo hadi mwisho bila kusita.

Baadaye akachungulia mlangoni, vumbi la mbao limemjaa kwenye kope.

"Huu tuununue," akasema. "Hausumbui."