Joka Lisilolala Bila Taa

Kila karatasi aliyoitoa mkutubi mstaafu ilimvua Mwandishi nguo moja.

Walianza na upanga unaoongea. Mkutubi akamweleza, kwa upole wa daktari wa meno, kwamba panga za namna hiyo zilishaimbwa katika tenzi za mashujaa kabla mitambo ya kuchapa haijakuwapo. Kisiwa kinachotembea nacho? Mabaharia wa hekaya za kale walishakikanyaga na kuwashia moto juu yake. Mlango ndani ya shina la mti ulikuwa umejaa tele katika ngano za watoto. Walipofika kwa yatima asiyejua kuwa ni mfalme, mzee hakufungua hata karatasi. Alikohoa tu.

Mwandishi alijichekea moyoni. Alikuwa na vitabu sita juu ya nchi aliyoibuni mwenyewe, pamoja na ramani yenye mito inayopanda mlima, kosa ambalo baadaye aliwaeleza wasomaji kuwa ni uchawi. Redioni alizoea kusema kwamba alianza na ukurasa mtupu. Sasa ilionekana ukurasa ule ulikuwa umejaa watu tangu zamani, na yeye alichofanya ni kuwapangia viti.

Na mzee huyu aliletwa kumsaidia. Mwanamke mmoja, mwoka mikate, alikuwa amemwandikia mchapishaji kwamba joka la kwenye vitabu hivyo ni lake. Mchapishaji akaogopa aibu, maana tuzo ya mwaka ilikuwa mlangoni, akaomba mambo yaishie kwa mpatanishi. Kazi ya mkutubi ilikuwa kuonyesha kwamba vitu vya hadithi za ajabu ni vya kale, havina mwenyewe, na kila mtu anachota.

“Umebakisha joka,” Mwandishi alisema.

Mzee alivua miwani. “Hilo nimelitafuta wiki mbili, mwanangu. Yapo majoka yanayotema moto, yanayolinda hazina, yanayomeza mabinti. Linaloogopa giza mpaka lilale na taa, sijaliona popote.”

Kwa mtu mwenye akili timamu hiyo ilikuwa habari mbaya. Kinga yake yote ilikuwa imeporomoka. Lakini Mwandishi alitoka pale akitembea kama bibi harusi. Joka lile ndilo lililompa jina. Watoto walilala na mito yenye sura yake, na waandishi chipukizi walijaza vitabu vyao majoka yanayoogopa radi, sindano na hesabu, naye aliwalaumu hadharani kwa kukosa ubunifu. Kumbe kweli lilikuwa lake peke yake.

Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba alilibuni kwanza. Akampigia mama yake simu, na mama, ambaye hakuwahi kutupa kitu, akapekua sanduku lake na kupata daftari la insha la darasa la nne. Joka lilikuwamo, na taa yake. Mwandishi aliisoma insha ile kwa sauti mbele ya mama yake, kuanzia mstari wa kwanza hadi neno la mwisho chini kabisa ya ukurasa, akashindwa kuyazuia machozi. Alishangaa jinsi mtoto yule alivyokuwa na kipaji. Mama alimkumbusha kwamba mtoto yule alikuwa bado anakojoa kitandani. Mwandishi akalifunga daftari na kulitia ndani ya bahasha.

Siku ya kikao mwoka mikate alifika mapema, na unga kidogo bado kwenye kiwiko. Alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, wa makamo kama Mwandishi. Mchapishaji alikuwa ameshamuuliza mara tatu anataka nini hasa, naye mara zote alijibu kwamba atasema wakiwa wote wamekaa.

Walipopeana mikono alimtazama Mwandishi kwa muda. “Bado unaandika kwa mkono wa kushoto, dada?”

Mwandishi alijibu kwamba ndiyo, akifurahi kidogo. Hata wanaomshitaki walikuwa mashabiki wake.

Mpatanishi, mwanamke mkavu mwenye kalamu tatu, alimtaka mwoka mikate aeleze. Yeye alisema kwa kifupi kwamba joka alilitunga utotoni, kwa sababu kwao mdogo wake alikuwa akiogopa giza. Hakuliandika. Alilisimulia tu. Alipoulizwa kama ana shahidi au karatasi, alisema hana.

Mwandishi alimwonea huruma. Alijiandalia hotuba fupi juu ya jinsi mbegu za ubunifu zinavyoota katika vichwa viwili kwa wakati mmoja, hotuba yenye ukarimu wa mshindi. Kisha akaitelezesha bahasha juu ya meza na kueleza kwamba ndani yake mna ushahidi kuwa alilibuni joka akiwa na miaka kumi, na kwamba angependa usomwe kwa sauti, wote wasikie.

Mpatanishi akasoma. Alisoma vizuri, na penye taa kuzimika hata mchapishaji alitabasamu. Mwoka mikate alisikiliza akiwa amefumba macho, midomo yake ikicheza polepole. Mpatanishi alipofika chini ya ukurasa Mwandishi alijiweka sawa kitini, tayari kwa hotuba yake.

Lakini mpatanishi alikuwa mtu wa kazi yake, akageuza ukurasa. Nyuma kulikuwa na maandishi ya mwalimu kwa wino mwekundu, nayo akayasoma kwa sauti ileile:

“Joka hili ni la mwenzako wa dawati, alilisimulia mbele ya darasa Ijumaa. Mwombe radhi.”

Mwoka mikate alifumbua macho. “Mimi nimekuja kwa radhi hiyo tu,” alisema.