Nani Atakuwa Songea?

“Songea, rudia,” Mzee Masunga aliita kutoka sebuleni, na bintiye Roza, mikono imejaa unga jikoni, akarudia.

“Hapa Songea. Abiria wanne, futi elfu tisa, naomba njia.”

“Subiri, Songea. Dodoma yuko mbele yako.”

Basi ikabidi Roza awe Dodoma pia. Alikanda chapati huku akisemea puani, maana rubani wa Dodoma alikuwa na mafua tangu Jumatatu. Baba yake alitaka kila rubani awe na sauti yake.

Ndege ya mzee ilikuwa ya mbao za masanduku ya chai, imejaa nusu ya sebule yao pale mtaa wa Soweto, Mbeya. Usukani ulikuwa wa baiskeli, na mishale ya mwendo na kimo ameichora kwenye mifuniko ya makopo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtu wa redio uwanja wa ndege, akiwaelekeza marubani angani, yeye mwenyewe asipande hata siku moja. Kisha mguu ukapooza, mkewe akafariki, na wanawe wa kiume wakahamia Usangu na ng'ombe. Akabaki Roza. Kila asubuhi mzee aliruka, na Roza alikuwa ndege nyingine zote.

Barua ya kwanza ya chuo cha ualimu Iringa ilikuja mwaka sabini na sita. Mzee aliisoma mara mbili, akaikunja.

“Sasa nani atakuwa Songea?”

Alisema kwa utani, lakini Roza hakwenda. Sasa mwaka ni sabini na nane, na ya pili imekuja: asiporipoti Jumatatu, nafasi anapewa mwingine. Hii hakumwonyesha baba yake. Aliitia kwenye begi lake la safari, na begi akalificha stoo, nyuma ya magunia ya mkaa. Alijiona kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba ndefu, anakula, anatembea, lakini hafiki popote. Alimpenda baba yake, siku nyingine alimchukia, na yote mawili yalimchosha.

Ndipo akapata wazo.

“Baba, si ulisema Ulaya wana kompyuta zinazopanga ndege zenyewe? Na sisi tutafute mashine.”

Umakant, fundi redio wa mjini, alikuja Jumatano na njia tatu za kuijaza anga ya mzee. Ya kwanza, ndege za bati zinazoning'inia kwenye nyuzi na kuzungushwa na mota ya gramafoni. Ya pili, karata zilizoandikwa ndege na kimo chake, mzee achomoe moja kila dakika tano. Ya tatu, redio kaseti: Roza arekodi sauti zote mara moja, ziwe zinamwingia mzee masikioni kwa hedfoni.

“Hizi za bati zinapendeza sana, Mzee Masunga,” Umakant alisema.

“Zinazunguka palepale tu,” Roza alidakia. “Na karata hazisemi.”

Mzee alimgeukia Roza.

“Kaseti, basi. Mtu anachoka, mashine haichoki. Na wewe asubuhi utakuwa unafanya nini?”

“Nitafua, baba.”

“Nguo zipo nyingi kweli.”

Hakubisha, naye alikuwa mtu wa kubishana hata na mvua.

Ijumaa mchana Roza akarekodi, akiacha nafasi za majibu ambayo aliyajua yote kwa kichwa. Alirekodi Songea, Dodoma na ndege ya misheni. Ndege ya Iringa hakuigusa. Kila alipofikia jina hilo, alisimamisha mashine. Akaandika “Ndege” juu ya kaseti kwa kalamu nyekundu, akaiacha ndani ya mashine, akaenda kumwomba jirani yao Lea amwangalie mzee mpaka Seni, kaka yake Roza, afike kutoka Usangu.

Aliporudi, alimkuta baba yake uani amekalia kigoda, anapangusa ncha ya gongo lake la kutembelea. Ilikuwa nyeusi tii.

“Ulikuwa wapi, baba?”

“Natembea tu. Daktari si alisema nitembee?”

Roza alikuwa na mengi kichwani, hakuuliza tena.

Jumamosi asubuhi mzee aliingia kwenye ndege yake, akavaa hedfoni. Roza alibonyeza kitufe bila hata kutazama, macho yakiwa mlangoni, akasubiri.

“Nimekusikia, Songea,” mzee alisema baada ya kitambo. “Pita.”

Roza akashusha pumzi. Alikuwa na dakika arobaini na tano kabla kaseti haijafika mwisho. Akachukua begi stoo, akanyata chini ya dirisha la sebule.

“Iringa, nimekuona,” sauti ya baba yake ilisema. “Njia yako nyeupe. Usigeuke.”

Roza akasimama. Iringa hakuirekodi. Au jina lilimponyoka? Alirekodi akiwa na wasiwasi mwingi, lolote lingeweza kutokea. Ndani, mzee alikuwa ameshahamia kwa Dodoma, anamshauri anywe maji ya moto kwa ajili ya mafua yake. Roza akaenda zake barabarani.

Basi lilitoka Tunduma na lilikuwa karibu kujaa. Alipata kiti dirishani, akalia kimyakimya mpaka Chimala, kwa aibu ya kumwacha baba yake akizungumza na mashine. Kisha akafungua begi ahakikishe barua ipo.

Barua ilikuwepo. Juu yake kulikuwa na kitu kigumu, kimefungwa ndani ya leso ya baba yake, leso yenyewe ina alama za mkaa. Akaifungua. Ilikuwa kaseti, na juu yake, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wake mwenyewe: “Ndege.”